Bibi wa nyuma ya mashine ya mpunga: uchambuzi wa kisa kimoja cha mwandishi wa hadithi za kutisha

Kisa ninachokichambua hapa kilimpata mwandishi wa hadithi za kutisha anayeishi katika mji mdogo wa mashariki mwa Uganda, nami nilikifuatilia kwa karibu kwa kuwa ndimi ninayehariri kazi zake. Jina lake, jina la kijiji na la podikasti inayohusika nimeyaacha kwa makusudi. Kwa ufupi, mwandishi aliulizwa swali moja katika mahojiano, akalijibu kwa kucheka, na jibu hilo likawa sababu ya bibi mmoja mzee, ambaye hajawahi kusoma hata ukurasa mmoja wa hadithi hiyo, kurushiwa mawe juu ya bati usiku na kunyimwa chumvi dukani mchana. Swali lililobaki mikononi mwa mwandishi lilikuwa la kikazi kabisa: awaandikie nini mashabiki wake Jumatano iliyofuata?

Ili swali hilo lieleweke, inafaa kwanza kueleza jinsi anavyofanya kazi. Mwandishi huyu ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoamua, Julai 2022, kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari, walimu wa somo hilo wamekuwa wakitafutwa, vipindi vyake vimeongezeka, na muda wa kuandika umebaki alfajiri kabla ya kengele ya kwanza. Huandika hadithi za mfululizo na kuziuza kwa sehemu kupitia makundi ya WhatsApp. Sehemu za mwanzo hutolewa bure, kisha msomaji hutuma pesa kwa simu ndipo apelekewe zinazofuata. Mtindo huu umezoeleka sana Tanzania, na si ajabu kwamba wengi wa wasomaji wake wako ng'ambo ya mpaka, Tanzania na Kenya. Facebook ingemfaa zaidi, maana huko ndiko simulizi nyingi za Kiswahili zilikopatia wasomaji, lakini imefungwa nchini Uganda tangu Januari 2021 na anayeitaka hulazimika kupitia VPN, yaani programu ya kukwepa vizuizi vya mtandao. Kwa sababu hiyo maisha yake yote ya uandishi yamo ndani ya WhatsApp: sehemu mpya kila Ijumaa, na taarifa kwa mashabiki kila Jumatano jioni, ambamo huwaambia amefika wapi, anachelewa kwa nini, na wapi atasikika au kuonekana.

Taarifa hiyo ya Jumatano wengi huiona kama pambo. Mimi naiona kama nusu ya biashara, kwa sababu msomaji anayelipa kabla ya kusoma hulipia ahadi, na ahadi huhitaji kusemwa upya kila mara. Mwandishi akinyamaza wiki mbili, pesa hukatika.

Katika dunia pana ya hadithi za kutisha kuna ngazi nyingine za kupanda. Chama cha waandishi wa hadithi za kutisha cha Marekani, Horror Writers Association, hutoa tuzo za Bram Stoker na tangu 2016 imekuwa ikiandaa mkutano wake wa StokerCon, ambapo waandishi hukutana na wahariri na mashabiki ana kwa ana. Kwetu Afrika, chama cha African Speculative Fiction Society, cha waandishi wa hadithi za kubuni za kisayansi, za ajabu na za kutisha, hutoa tuzo za Nommo tangu 2017. Majarida ya Kiingereza yanayolipa kwa kiwango cha senti 8 za dola kwa neno yangemlipa dola 320 kwa hadithi ya maneno 4,000, kiasi ambacho kwa mwalimu wa Uganda si kidogo. Lakini yeye huandika kwa Kiswahili, na milango hiyo karibu yote hufunguka kwa Kiingereza. Jukwaa lake ni matamasha ya vitabu ya Kampala, vikao vya waandishi katika mji uliokuwa na mkutano mkubwa wa waandishi wa Afrika pale Makerere mwaka 1962 na ulio makao ya FEMRITE, chama cha waandishi wanawake kilichozinduliwa 1996, pamoja na podikasti zinazoongezeka kila mwaka. Alipoalikwa kukaa kwenye jopo la tamasha na jioni hiyohiyo kurekodi mahojiano, asingeweza kukataa. Nauli aliitoa mwenyewe.

Hadithi iliyokuwa ikiendelea wakati huo ilimhusu msezi. Masimulizi ya Buganda na ya sehemu za mashariki huwaeleza basezi kuwa watu wanaotoka usiku uchi, wanaocheza makaburini na kula nyama ya maiti, na ambao mchana ni majirani wa kawaida wanaokusalimia kisimani. Ubora wa hadithi yake ulikuwa katika mchana huo. Msezi wake alikuwa bikizee mpole, anayeishi nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, ambaye pumba humwagwa hadi mlangoni pake. Jicho lake moja lina mtoto wa jicho. Watoto humchotea maji kwenye kivuko cha mto wenye mafunjo, naye huwapa njugu. Ilimchukua sehemu kadhaa kabla ya msomaji kuanza kujiuliza bibi huyu hupata wapi nyama ya kukausha. Mimi nilizisifu sehemu hizo na bado nazisifu. Hofu ya kweli katika fasihi haitoki kwenye pembe na meno. Hutoka pale msomaji anapoitambua njia anayopita kila siku. Na hapo ndipo penye kiini cha kisa hiki, kwa kuwa alama zilezile zinazomfanya msomaji wa Morogoro asadiki kwamba mahali hapo pangeweza kuwapo ndizo zinazomfanya msomaji wa kijiji cha pili aseme anapajua.

Katika podikasti, mazungumzo yalidumu karibu saa nzima. Nimeyasikiliza yote. Mwandishi alieleza vizuri jinsi anavyobuni wahusika, jinsi alivyosikia habari za basezi kutoka kwa nyanya yake, na kwamba hajawahi kumwona hata mmoja. Karibu na mwisho mtangazaji akamuuliza, kwa sauti ya chini ya kujifanya anaogopa, kama kisa kile kilitokea kweli. Mwandishi alicheka, akasema: "Kila kijiji kina bibi wake. Hata kwetu yupo, kila mtu anamjua." Wakacheka wote wawili, wakaendelea na mambo mengine.

Siku chache baadaye podikasti hiyo ilikata kipande kisichofika dakika moja, kikiwa na swali na jibu hilo tu, kikapewa kichwa kinachosema kwamba mwandishi amekiri hadithi ni kisa cha kweli. Anayetaka kuelewa kwa nini kipande kilishinda mazungumzo yenyewe na atazame bei ya data. Mwaka 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa matumizi ya mitandao ya kijamii. Tozo hiyo iliondolewa Julai 2021 na mahali pake ikawekwa kodi ya asilimia 12 juu ya data ya intaneti. Mtu anayenunua bando la siku hapakui mahojiano ya saa nzima. Hupokea klipu, huisikiliza, huituma mbele. Waliosikia maelezo kwamba bibi yule ni wa kubuni walikuwa wachache. Waliosikia "kila mtu anamjua" hawahesabiki.

Kijijini kwao mwandishi hadithi yenyewe ilikuwa haijulikani. Kilichofika ni klipu, tena wengi hawakuisikia bali walisimuliwa kwa Lusoga, lugha ya eneo hilo, na vijana wa bodaboda, pamoja na alama za mahali zilizomo katika hadithi. Kulikuwa na mashine ya mpunga, kulikuwa na kivuko, na nyuma ya mashine aliishi Jjajja (yaani bibi) mmoja mjane. Macho yake yote mawili ni mazima, lakini hilo halikumwokoa. Wanawake waliacha kuwatuma watoto wao kumchotea maji. Mwenye duka akaanza kumwambia kwamba chumvi imekwisha. Kisha mawe yakaanza, na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, akampigia simu kaka yake mwandishi.

Nchini Uganda jambo hili si la kuchezewa, na sisemi hivyo kwa kukuza mambo. Sheria ya Uchawi ya 1957 bado ipo. Chini yake mahakama iliweza hata kumwamuru mtu aondoke nyumbani kwake kwa miaka, hadi Mahakama ya Katiba ilipotamka mwaka 1997, katika kesi ya Abuki, kwamba amri ya namna hiyo inakiuka katiba kwa kumnyang'anya mtu ardhi na riziki yake. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha sheria maalumu dhidi ya kafara ya binadamu, kwa kuwa mauaji ya watoto kwa ajili ya kafara ni jambo lililotokea na wazazi wengi wana sababu ya kuliogopa. Katika mazingira hayo, neno "kweli" likitiwa mbele ya hadithi ya msezi halibaki kuwa tangazo la biashara. Linakuwa shtaka, na mshtakiwa wake ni mtu yeyote aliye mzee, mwanamke na mpweke.

Mwandishi alinipigia simu usiku wa Jumanne. Alikuwa amekwisha kuandika taarifa ya kesho yake na alitaka niipitie. Ilisema hivi: "Wapenzi wasomaji, nimesikitishwa na yanayomtokea bibi mmoja kijijini kwetu, nyuma ya mashine ya mpunga. Naomba ieleweke kwamba hadithi yangu ni ya kubuni na bibi huyo hana hatia yoyote. Tafadhali msimsumbue."

Ni maneno ya mtu mwenye moyo mwema, na kila sentensi yake ilikuwa na hatari. Ya kwanza ilithibitisha kwamba bibi yupo, ikataja kijiji kwa kukihusisha na mwandishi, ikaonyesha na nyumba. Msomaji wa Mwanza ambaye hakuwa amejua lolote sasa angelijua. Ya pili ilimtetea kwa lugha ya mahakama, na mtu anayetangazwa kuwa hana hatia huulizwa mara moja alituhumiwa nini. Ya tatu ilimwomba asiyesumbua mtu asisumbue mtu. Isitoshe, taarifa nzima ilikuwa ya maandishi, ya Kiswahili, kwa watu waliokwisha kulipa, ilhali madhara yalikuwa yanatendwa na watu waliosikia kwa sauti, kwa Lusoga, bila kulipa wala kusoma.

Alikuwa na njia nyingine nne mbele yake, nazo hazikuwa na uzito sawa. Kunyamaza hakukustahili kujadiliwa. Kuifuta hadithi kabisa kungempendeza kila mtu asiyeisoma, lakini nilimwambia kwamba kufuta baada ya klipu kuenea kungechukuliwa kuwa ushahidi kwamba kulikuwa na la kufichwa. Njia ya tatu ilipendekezwa na mashabiki wawili wa siku nyingi ambao ndio admini wa makundi yake: aigeuze hadithi, bibi atokee kuwa si msezi, msezi awe mwenye mashine. Wazo lina uungwana, na mwandishi alielekea kulikubali. Mimi nililipinga, na hapa najua wapo watakaonipinga. Hadithi ilikuwa imejengwa tangu sehemu ya kwanza juu ya upole wa yule bibi. Kuugeuza katikati kwa sababu za nje kungeivunja, na wala kusingemsaidia Jjajja wa kweli, kwa kuwa waliomrushia mawe hawakuwa wanafuatilia Ijumaa hadi Ijumaa ili waone mwisho. Lililowezekana bila kuharibu kitu ni kuondoa alama: mashine ya mpunga ikawa tanuri la matofali, kivuko kikawa daraja, na sehemu zilizokwisha kutoka zikatumwa upya zikiwa zimerekebishwa.

Njia ya nne ilikuwa kwenda kijijini yeye mwenyewe, na hiyo ndiyo iliyopaswa kutangulia. Tulikubaliana kwamba taarifa ya Jumatano iwe fupi sana na isitaje mtu wala mahali: wiki hii hakuna sehemu mpya, pesa za waliokwisha kulipia zipo palepale, kipande kinachozunguka kimekatwa kutoka mazungumzo marefu na kichwa chake si kweli, kila kilichomo katika hadithi kimetoka kichwani mwa mwandishi, na yeyote aliyekipokea anaombwa asikitume mbele. Aliisoma kwa sauti yake mwenyewe, akaituma kama ujumbe wa sauti, kisha akairekodi tena kwa Lusoga. Ile ya Lusoga haikupelekwa kwenye makundi ya mashabiki. Walipewa kaka yake na mwenyekiti waisambaze kwa madereva wa bodaboda wa kituo kile kile habari ilikoanzia.

Kuna sababu ya kusisitiza kwamba taarifa kama hiyo iandikwe kwa uangalifu, na historia ya redio inaionyesha vizuri. Februari 1949 kituo kimoja cha redio cha Quito, Ecuador, kilirusha mchezo wa kubuni kuhusu uvamizi wa viumbe kutoka sayari ya Mars kwa mtindo wa taarifa ya habari. Watu walikimbilia barabarani. Walipotangaziwa kwamba ulikuwa mchezo tu, hofu ikageuka hasira, jengo la kituo likachomwa moto na watu kadhaa wakafa. Tangazo lile lilikuwa la kweli, ila lilikuja kwa namna iliyowaambia wasikilizaji kwamba wamefanywa wajinga. Ndiyo maana katika ujumbe wa Lusoga mwandishi hakusema "mmedanganywa" wala "msiamini uchawi". Alisema: "Mimi ndiye niliyebuni yule bibi. Sikumchukua kwa jirani yeyote. Anayetaka kuuliza aniulize mimi, nitakuja Jumamosi."

Alikwenda Jumamosi hiyo, akiwa na kaka yake. Kikao kilifanyika chini ya mwembe wa mwenyekiti, na viongozi wa dini wa pande zote mbili, imamu na mchungaji, waliitwa. Mwandishi alipiga magoti mbele ya Jjajja kama mjukuu apasavyo, akamsalimu, akaeleza kazi yake ni nini. Kwa jinsi alivyonisimulia kaka yake, maelezo kuhusu fasihi hayakumvutia sana bibi. Aliuliza ni nani atakayelipia bati mbili zilizotobolewa, na kama mwenye duka atasikia haya aliyoyasikia yeye. Mwenye duka alikuwa amekaa palepale. Mwandishi alilipia bati kutoka pesa za hadithi, na mwenyekiti akasema mbele ya wote kwamba atakayeonekana na jiwe usiku atapelekwa polisi.

Mambo hayakurudi yote kama yalivyokuwa. Mawe yalikoma na chumvi inauzwa, lakini baadhi ya akina mama bado hawawatumi watoto wao nyumbani kwa Jjajja, na maji sasa huchotewa na mjukuu wake aliyehamia kwake kutoka Iganga. Kwa upande wa mashabiki, wachache walijitoa wakilalamika kwamba Ijumaa imepita bila hadithi. Walio wengi walisubiri, na baadhi waliandika kwamba tanuri la matofali linawatisha kuliko mashine ya mpunga. Klipu haikufutika. Mtangazaji alikubali kubadilisha kichwa baada ya kuandikiwa mara mbili, nami nampa haki yake kwa hilo, lakini kinachokwisha kupita katika WhatsApp hakirudishwi na aliyekituma wa kwanza.

Tangu hapo mwandishi hatokei katika mahojiano yoyote kabla ya kutuma masharti yake kwa maandishi, nayo ni mafupi: aonyeshwe vipande kabla havijatolewa, neno "kweli" lisitumike katika kichwa, na swali la kama kisa kilitokea lisiulizwe ila akipewa nafasi ya kulijibu kikamilifu, na jibu hilo lisikatwe. Podikasti moja ilimkatalia. Katika tamasha lililofuata, msikilizaji aliyekaa mstari wa mbele alimuuliza swali lilelile, na safari hii hakucheka. Alijibu kwamba hapana, kisha akaeleza kwa dakika kadhaa jinsi alivyomjenga bibi yule kutokana na harufu ya pumba za mpunga, mikono ya nyanya yake mwenyewe na ndoto aliyoiota akiwa na malaria utotoni. Ukumbi ulimsikiliza kwa makini kuliko ulivyosikiliza jambo lolote jingine siku ile. Nadhani waandaaji wengi wa vipindi hawajatambua bado kwamba jibu refu la namna hiyo lina mvuto wake, na kwamba mashabiki wa hadithi za kutisha hupenda sana kuonyeshwa jinsi hofu inavyofumwa.

Jambo moja bado halijakamilika. Mchapishaji wa Kampala anataka kuitoa hadithi hii kama kitabu, na katika rasimu ya jalada la nyuma ameweka maneno yanayodokeza kwamba imetokana na matukio ya mashariki mwa Uganda. Mwandishi ameyakata, mchapishaji ameyarudisha kwa kuyalegeza kidogo, na mkataba umekaa mezani bila sahihi. Nimemshauri asitie sahihi hadi maneno hayo yaondoke, hata kama kitabu kitachelewa mwaka mzima, naye amekwisha kuwaeleza mashabiki wake, katika taarifa ya Jumatano iliyopita, kwa nini tarehe ya kutoka haijatangazwa.